Lupango haiuzishwe, lakini kodi yake ni ngapi?

Bwana Mhariri,

Jirani yangu wa mkono wa kushoto, hapa Kampemba, ni nyumba isiyo na mtu. Mzee mwenye nayo alikufa, watoto wake wako Afrika Kusini, na mlango haujafunguliwa tangu kitinda mimba wangu hajaanza shule. Mabati yaling'olewa usiku, moja moja. Mvua ikinyesha shimo la choo linajaa, na mbu wa pale hawamuulizi mtu sertifika, yaani hati ya ardhi. Ukutani kuna maandishi ya rangi nyekundu: LUPANGO HII HAIUZISHWE, yaani kiwanja hiki hakiuzwi. Mkaaji yeyote wa Lubumbashi akiyasoma anaelewa kwamba kuna mtu amekwisha kujaribu kuiuzisha.

Nasikia watu wengi wakisema serikali ichukue malupango yote yaliyoachwa bila kulipiwa kodi. Mimi pia nilikuwa wa kwaya hiyo. Kisha, asubuhi moja kabla ya saa moja, walifika wanaume watatu na mpimaji wakaanza kuvuta kamba. Nikawauliza wametumwa na nani. "Papa, hii haina mwenyewe," mmoja akasema, bila kuinua macho.

Ina wenyewe. Nina namba zao kwenye simu.

Kwa hiyo tusidanganyane: kuchukua kunafanyika tayari, ila kimyakimya. Sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, kwa sharti la kuuendeleza. Nguvu ya kunyang'anya haijakosekana. Lakini sheria hiyohiyo inasema sertifika ikitimiza miaka miwili haipingwi tena. Aliyeibiwa anabaki kudai fidia tu. Anayejiandikishia lupango ya marehemu haombi Mungu kitu kingine, ila warithi wasishtuke kwa miaka miwili.

Ninachotaka ni mambo yafanyike mchana. Kodi ya malupango iko mikononi mwa jimbo kwa Katiba ya 2006, basi jimbo libandike kwenye mlango wa ofisi ya kila komini, yaani kila sehemu ya mji, orodha ya nyumba tupu zinazodaiwa, na redio ziisome kwa Kiswahili, maana Kifaransa cha matangazo yale hata mimi kinanishinda. Warithi wapewe mwaka mzima. Wakinyamaza, iuzishwe mbele ya watu, deni likatwe, na pesa inayobaki iwekwe kwa jina la familia.

Hapo kwenye pesa inayobaki ndipo penye vita. Marekani, bibi mmoja wa Minneapolis, Geraldine Tyler, alidaiwa kodi ambayo pamoja na faini ilifika kama dola 15,000. Wakauza nyumba yake dola 40,000 na kukaa na zote. Mwaka 2023, bibi akiwa na miaka 94, Mahakama ya Juu ya huko iliamua, majaji wote kwa sauti moja, kwamba serikali haiwezi kumeza kilichozidi deni. Kama kwao walihitaji kuambiwa hivyo, kwetu je?

Kuna jambo jingine la kwao linalonipendeza: Detroit, kiwanja kitupu kilichoangukia mikononi mwa mji, jirani wa ubavuni anaweza kukinunua kwa dola 100. Anayekifyeka ndiye anayekijua. Lakini Detroit hiyohiyo watu wengi walipoteza nyumba kwa sababu ya kodi iliyohesabiwa kwa thamani iliyopandishwa kuliko thamani ya kweli ya nyumba, kwa hiyo tusiige kila kitu. Mjane wa Katuba anayelala ndani na hajalipa kwa sababu hana, huyo asiguswe. Nasema nyumba tupu.

Watoto wa marehemu niliwatumia picha ya wale wapimaji. Walijibu siku ileile: "Papa, kodi tutalipa, utuulizie tu tunadaiwa ngapi." Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza waliniambia faili liko ofisi nyingine. Mara ya pili, mwenye ufunguo wa kabati hakufika kazini. Mara ya tatu walilipata, na ndani mna karatasi moja tu, ya 1988.

Mkaaji wa Kampemba,
Lubumbashi