Kwenye Kifaransa hakuna "manjenti"

Mhariri,

Somo la Kifaransa mlilowapa waongoza wageni Jumapili nimelisoma mara mbili, na mara zote nimekwama mstari uleule: ils mangent, yaani wanakula, mkaandika "il manjenti", eti mkazo kwenye "je". Huko ndiko nilikoanzia mimi, pale Forodhani, nikiwaeleza wageni watu wanavyokula urojo. Mama mmoja Mfaransa alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akamgeukia mumewe kumuuliza nimesema nini.

Hiyo -ent haisomwi. Mange, manges, mangent, zote hutamkwa sawasawa, silabi moja basi. Mkazo wao hukaa kwenye silabi ya mwisho inayosikika, si ya pili kutoka mwisho kama wetu. Tena unahama: ukisema il mange, uko kwenye kitenzi, ukisema il mange du poisson, umeshakimbilia kwa samaki.

Lililonitesa zaidi ni j'appelle (naita) na nous appelons (tunaita). Kwa nini l mbili huku, moja kule? Nilikariri, nikasahau, nikakariri tena. Mwenzangu mmoja kutoka Bukavu, Kongo, ndiye aliyenigongea meza kwa kidole: a-PEL, a-PLON. Kwenye la kwanza uzito umeiangukia ile e, basi hutamkwa wazi, na maandishi yakaiongezea l. Kwenye la pili uzito uko kwenye -ons, e imefifia hata ikamezwa. J'achète (nanunua) na nous achetons (tunanunua) ni yaleyale, ila hapo e huvishwa alama badala ya kurudufiwa herufi.

Na sisi si wageni wa mambo haya. Soma, mkazo uko kwenye "so". Someni, umehamia "me". Mbona twasema anakula, hatusemi "anala"? Ku imebaki pale kuubeba mkazo. Mtoto wa Kiswahili akionyeshwa hilo kwanza, Kifaransa hakimtishi.

Basi somo lijalo kateni silabi kwa sauti, si kwa herufi. Juzi kwenye boti ya kisiwa cha Changuu nilimkuta kijana mwongoza wageni akirudiarudia "il manjenti", gazeti lenu mkononi. Nikamsahihisha. Akanitazama, akalikunjua gazeti, akaniwekea kidole kwenye mstari: "Kaka, si imeandikwa hapa?"

Mwongoza wageni,
Mji Mkongwe, Zanzibar