Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kasi ya Sauti Baharini na Vipimo Vyake

Ndugu wanachama,

Sehemu kubwa ya mwaka huu kamati yenu imeshughulika na kazi moja: kuandaa jedwali la pamoja la kubadilisha kasi ya sauti katika maji ya bahari kutoka kipimo kimoja kwenda kingine. Ya fedha atayaeleza mweka hazina, na ya wanachama wapya yako kwa katibu. Mimi nitabaki kwenye jedwali, maana ndilo lililozua mjadala mrefu kuliko yote, na mjadala huo ulistahili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sauti husafiri baharini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde. Hizo ni kilomita 5,400 kwa saa, futi 4,921.26 kwa sekunde, pima 820.21 kwa sekunde, au karibu maili za baharini 2,916 kwa saa. Futi ya kimataifa ni mita 0.3048 kamili tangu makubaliano ya 1959, pima moja ni futi 6, na maili ya baharini ni mita 1,852. Mwenye namba hizo tatu na kikokotoo amejitosheleza.

Wapo waliouliza kwa nini jedwali lina safu mbili za futi. Marekani ilikuwa na futi yake ya upimaji wa ardhi, ambayo ni mita 1,200 zikigawanywa kwa 3,937, na haikuondolewa rasmi hadi mwisho wa 2022. Kwa futi hiyo, mita 1,500 ni futi 4,921.25 kamili. Tofauti ni sehemu moja tu ya mia ya futi, na kwa kazi yetu haina uzito. Tumeiweka pembeni ili anayekutana na namba zote mbili asipoteze siku akisaka kosa ambalo halipo.

Shida kubwa iko kwenye rekodi za zamani za kina, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kipimakina cha mwangwi hakipimi kina. Kinapima muda wa sauti kwenda chini na kurudi, kisha kina kinapatikana kwa kasi ambayo mtu ameiweka kabla. Wamarekani walizoea kuweka pima 800 kwa sekunde, yaani mita 1,463.04, Waingereza waliweka pima 820, ambazo zinakaribia sana mita 1,500. Sasa chukueni rekodi inayosema pima 2,000, iliyopimwa kwa kasi ya 800. Ukizidisha kwa 1.8288 unapata mita 3,657.6, na kuzidisha huko hakuna dosari. Lakini mwangwi ule ulichukua sekunde 5 kwenda na kurudi, na kwa kasi ya mita 1,500 sekunde hizo ni kina cha mita 3,750. Zimepotea zaidi ya mita 92, na kila aliyeishika rekodi hiyo alizidisha sawasawa! Ndiyo maana nasema kubadilisha pima kuwa mita bila kuuliza kasi iliyotumika ni nusu ya kazi.

Tena hiyo 1,500 ni ya makadirio tu. Kasi halisi hufuata joto, chumvi na kina. Kwenye maji yanayokaribia nyuzi sifuri za Selsiasi, nyuzi moja ya joto huongeza karibu mita 4.6 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 25 huongeza kama mita 2.4 tu. Mnaoandika programu zenu wenyewe, zijaribuni kwanza kwa mlinganyo wa Mackenzie wa 1981, unaokokotoa kasi ya sauti kutokana na joto, chumvi na kina: joto nyuzi 25, chumvi sehemu 35 kwa elfu, kina mita 1,000, jibu liwe mita 1,550.744 kwa sekunde. Mlinganyo huo unataka Selsiasi na mita. Anayehitaji futi abadilishe jibu la mwisho, asiguse namba zilizo ndani ya mlinganyo, kwa sababu joto limo humo kwa kipeo cha pili na cha tatu, na ile 32 ya Farenhaiti itamvurugia kila kitu.

Kuna jambo moja lililonifurahisha katika kazi hii. Kina peke yake huongeza kasi kwa karibu mita 0.017 kwa sekunde katika kila mita moja. Iseme kwa futi kwa sekunde katika kila futi, namba ni ileile 0.017, ipeleke kwenye pima, haibadiliki. Urefu umejifuta juu na chini ya mstari wa kugawanya, ikabaki sekunde peke yake. Anayechora jinsi miale ya sauti inavyopinda baharini anaweza kulinganisha mipindo katika michoro ya mita na ya futi bila jedwali letu kabisa.

Kamati inaleta pendekezo moja mkutanoni. Kila rekodi ya kina itakayoingia kwenye hazina yetu iandikwe pamoja na kasi iliyotumika na kipimo cha kasi hiyo, na desimali zisikatwe kabla ya jibu la mwisho, kukata 820.21 kuwa 820 tu kunaondoa mita moja katika kina cha mita 4,000. Rekodi isiyojulikana kasi yake isitupwe, bali ihifadhiwe kwa kipimo chake cha asili na kuwekewa alama. Nawaomba mlipigie kura ya ndiyo.

Mwenyekiti