Oksimita ikisoma 94 msikimbilie kumwambia mgonjwa arudi nyumbani

Bw. Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie hii mashine ndogo ya kubana kidoleni inayopima oksijeni ya damu, oksimita, manake tangu corona iingie Kenya Machi 2020 imejaa kila mahali, kwa chemisti, kwa zahanati, hata majumbani watu wanazo, na tumeiamini mpaka sasa mtu akija na kifua anabanwa kidole, namba inasomwa, yaani asilimia ya oksijeni kwenye damu, anaambiwa uko sawa mama rudi nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyemwangalia anavyopumua. Mimi ni nesi huku Kisauni na hili jambo linaniuma sana.

Nisieleweke vibaya, mashine yenyewe ni neema. Kabla yake ukitaka kujua oksijeni ya mgonjwa kwa uhakika ilibidi umdunge sindano kwenye ateri, ule mshipa unaotoa damu kwenye moyo, pale kiwiko cha mkono, inauma kwelikweli, alafu damu iende maabara ambayo hospitali nyingi hazina. Mjapani mmoja, Takuo Aoyagi, akifanya kazi kampuni ya Nihon Kohden, ndiye aliyepata njia mwaka 1974. Alikuwa anapima kitu kingine kabisa cha moyo kwa kupitisha mwanga sikioni na mapigo ya damu yakawa yanamharibia vipimo, akagundua hayo mapigo ndiyo yanaweza kumwonyesha oksijeni. Sahi WHO, Shirika la Afya Duniani, tangu 2008 inataka kabla mgonjwa hajalazwa usingizi wa upasuaji mashine hii iwe imeshafungwa kwake na inafanya kazi. Mzee Aoyagi alifariki Aprili 2020, wakati ule ule dunia nzima inakimbilia kitu chake.

Inavyofanya kazi ni hivi, upande mmoja inatoa mwanga mwekundu na mwingine wa infraredi usioonekana na macho, upande wa pili inapima umepita kiasi gani. Damu yenye oksijeni inauachia ule mwekundu upite, isiyo na oksijeni inaumeza. Na mashine inahesabu kile kinachobadilika na mapigo tu, kwa hivyo rangi ya ngozi kwa hesabu isingekuwa na shida yoyote, lakini shida ipo. Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani walichapisha utafiti, walichukua vipimo ambavyo oksimita ilisoma kati ya 92 na 96, wakalinganisha na damu ya ateri ya wagonjwa hao hao, wakakuta kwa weusi karibu 12 kati ya 100 damu ilikuwa chini ya 88, yaani hali mbaya, na kwa weupe ni kama 4 tu. Februari 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatoa onyo. Sasa fikiria Bw. Mhariri, Mombasa hii, Kilifi, Kwale, sisi karibu wote ni hao weusi, na chati zinazobandikwa ukutani hazisemi neno lolote kuhusu hilo.

Juzi juzi tuliletewa mama wa makamo, mchana ametoka zahanati moja ya watu binafsi kaambiwa 94 ni nzuri. Alipofika kwetu anasema neno moja anapumzika, pua zinapanuka, pale juu ya mfupa wa kifua panazama kila akivuta pumzi. Mashine yetu nayo ikasoma 93! Hatukuingoja ishuke, tukamwekea oksijeni tukaita ambulensi, na hospitali kubwa walipopima ateri wakapata 86. Amepona, alhamdulillahi, lakini angelala nyumbani usiku ule sijui.

Na kuna jambo watu hawalifikirii, sisi tuko usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 na hewa yake ni nyepesi, mtu mzima wa afya kule akisoma pointi moja mbili chini ya sisi si ajabu. Hapa mtu mzima wa afya anasoma 96 mpaka 100, kwa hivyo 93 ya Mombasa hata ingekuwa ya kweli bado inauliza swali.

Alafu kuna piko, ile rangi nyeusi ya kupambia mikono na miguu. Bi harusi anakuja vidole vyote vyeusi mpaka pingili ya pili, unabana hiki mashine inaonyesha vistari tu, unabana kile vistari, unahamia miguuni nako piko. Hina nyekundu haisumbui sana, nyeusi ndiyo inayomeza mwanga, na rangi ya kucha iliyokoza pia si nzuri. Dawa yake ni kuwa na kile cha kubana sikioni, na zahanati nyingi hazina. Mikono ya baridi, mtu anatetemeka, mtoto anarusha miguu, vyote vinaharibu kipimo.

La hatari zaidi ni jiko la makaa. Wakati wa mvua watu wanaingiza jiko chumbani wanafunga dirisha, ile gesi ya kaboni monoksaidi inashika himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, mahali pa oksijeni, na oksimita haiwezi kuzitofautisha. Mtu kichwa kinampasuka, anatapika, amelegea, mashine inasoma 99. Jamani, ukipata mgonjwa wa namna hiyo muulize alilala wapi na nini kilikuwa kinawaka, mtoe nje kwenye hewa safi, mpe oksijeni, na hiyo 99 usiitazame.

Watoto nao wahesabiwe pumzi dakika nzima kwa kutazama saa. Wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50 ni haraka, wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40. Oksimita chini ya 90 ni oksijeni na rufaa papo hapo, lakini mtoto anayevuta mbavu ndani au hawezi kunyonya apelekwe hata ikisoma 95.

Ninaloiomba kaunti ni kila zahanati ya serikali ipewe oksimita nzima yenye betri, na kile kidude cha watoto, na wanaoandika tenda waweke sharti mashine iwe imejaribiwa kwa watu wenye ngozi nyeusi na muuzaji alete hiyo karatasi. Na wenye kliniki binafsi, mgonjwa anayehema msimwachie kabla hamjamhesabu pumzi, mkaandika kwenye kadi yake pamoja na ile namba.

Nesi,
Kisauni, Mombasa