Kuunganisha kompyuta ya kikundi: sasa ni Jumamosi

Ndugu wanakikundi, asalaam aleikum na habari za jioni.

Kazi ya kuunganisha kompyuta yetu, iliyokuwa ifanyike Ijumaa, imesogezwa hadi Jumamosi saa 3 asubuhi, palepale Ngamiani, Barabara ya 12, kwa sababu kebo ya monita tuliyonunua ni ya VGA (aina ya zamani), ilhali ubao mama wetu (saketi kuu ya kompyuta) una tundu la HDMI (aina mpya zaidi) pekee.

1. Kila mmoja amtumie mweka hazina shilingi 5,000 kabla ya Alhamisi saa 12 jioni, ili tununue kebo sahihi pamoja na krimu ya kupitishia joto la prosesa.

2. Aliyeahidi kutoa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ahakikishe kwanza kwamba ni ya aina ya DDR4, kwa kuwa pengo la DDR3 (aina iliyotangulia) liko mahali tofauti na haiingii hata ikisukumwa kwa nguvu (na tafadhali isisukumwe).

3. Mwenye bisibisi ya nyota aje nayo.

Kibodi na kipanya tunavyo. Kabla ya kushika kifaa chochote, kila mtu aguse chuma cha kasha kisichopakwa rangi, ili umeme tuli wa mwilini usiunguze saketi.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya kesho usiku kama mtafika, nami nijue idadi ya vikombe vya chai.

Katibu