Kansela wa Ujerumani hang'olewi ovyo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya hivi karibuni kuhusu siasa za Ujerumani ilisema kwamba Rais Frank-Walter Steinmeier alilivunja Bunge mwishoni mwa mwaka 2024, na kwamba serikali za nchi hiyo siku hizi zinaanguka ovyo. La kwanza ni kweli, lakini limeelezwa kwa namna ambayo msomaji wa huku kwetu, aliyezoea Rais anayeongoza serikali mwenyewe, atadhani kiongozi huyo aliamka na hasira akawatimua wabunge. La pili si kweli.

Serikali ya Ujerumani huongozwa na Kansela, ambaye huchaguliwa kwa kura ya siri na wabunge wa Bundestag, yaani Bunge la nchi hiyo. Rais hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, haongozi baraza la mawaziri, wala hawezi kulivunja Bunge kwa sababu tu amechoshwa nalo. Sheria ya Msingi ya mwaka 1949, ambayo ndiyo Katiba ya Ujerumani, inampa ruhusa hiyo katika hali mbili: Bunge likishindwa kumpata Kansela anayeungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote, au Kansela aliyepo akiomba kura ya imani, akaikosa, kisha yeye mwenyewe akapendekeza Bunge livunjwe. Hili la pili ndilo lililotokea. Serikali ya mseto ya vyama vitatu iliposambaratika Novemba 2024, Kansela Olaf Scholz aliomba kura ya imani tarehe 16 Desemba, akapata kura 207 dhidi ya 394, huku wabunge 116 wakijizuia kupiga upande wowote. Steinmeier alitia saini kulivunja Bunge tarehe 27, na uchaguzi ukafanyika Februari 23, 2025.

Kumwondoa Kansela asiyetaka kuondoka ni kazi nyingine kabisa. Ibara ya 67 ya Sheria hiyo inawataka wabunge wamchague mrithi wake katika kura hiyo hiyo, yaani kumchoka aliyepo hakutoshi, lazima wakubaliane nani aingie. Tangu 1949 njia hiyo imejaribiwa mara mbili tu. Aprili 1972 Rainer Barzel, kiongozi wa upinzani, alipata kura 247 wakati alihitaji 249, Kansela Willy Brandt akasalimika (baadaye ikajulikana kwamba ujasusi wa Ujerumani Mashariki ulikuwa na mkono wake humo, jambo ambalo hakuna ibara inayoweza kulizuia). Oktoba 1982 Helmut Kohl alifaulu, akashika nafasi ya Helmut Schmidt.

Walioandika Sheria hiyo na kujifunga kamba hiyo walikuwa wanakumbuka kikao cha Septemba 12, 1932. Kansela Franz von Papen alikuwa na hati ya kulivunja Bunge iliyotiwa saini na Rais Hindenburg, akaomba nafasi ya kusema. Spika, Hermann Göring, akajifanya hamwoni, akaendelea na upigaji kura ya kutokuwa na imani na Papen. Papen akaiweka hati juu ya meza ya Spika, akatoka na mawaziri wake. Kura zilipohesabiwa, 512 zilimkataa na 42 zilimtetea. Wakomunisti na Wanazi walikuwa upande mmoja siku hiyo, watu ambao wasingeweza kuunda serikali pamoja hata ya wiki moja. Kabla miezi mitano haijatimia, Hindenburg alimteua Adolf Hitler kuwa Kansela.

Kasoro ipo, na mwandishi wenu angeigusa hiyo ningemuunga mkono. Kwa kuwa Bundestag haina mamlaka ya kujivunja yenyewe, Kansela anayetaka uchaguzi wa mapema hulazimika kushindwa kwa makusudi. Kohl aliikosa kura ya imani Desemba 1982 ilhali wabunge wa kumtosha alikuwa nao, kwa kuwa wengi wao walijizuia kwa mpango. Gerhard Schröder akafanya vivyo hivyo Julai 2005. Mara zote mbili wabunge waliopinga walikwenda Mahakama ya Katiba, mjini Karlsruhe, na mara zote mbili Mahakama ikaruhusu uchaguzi uendelee. Kwangu mimi huo ni mchezo wa kuigiza usioipendeza nchi inayojali sheria kiasi hicho, na ingekuwa heri wabunge wapewe haki ya kulivunja Bunge lao kwa theluthi mbili ya kura, hadharani, bila mtu kujifanya ameshindwa. Juu ya hilo makala yenu haikusema neno.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa uraia,
Tanga