Ule mnara haukupindwa na walevi jamani

Mhariri, salamu. Naomba kanafasi kidogo. Kuna ile picha ya kanisa lenye mnara uliojisokota inazunguka kwenye simu za watu kila baada ya muda, na kila ikija inakuja na maneno yaleyale, eti mafundi wa kale walikuwa walevi na wajinga waliojengea mbao mbichi, wengine eti picha imechezewa. Haijachezewa. Hilo ni kanisa la parokia la St Mary and All Saints, Chesterfield, Uingereza, mnara wenyewe ni wa mwaka 1362 hivi, una kimo cha mita kama 69, umejisokota karibu nyuzi 45 na ncha yake imehama karibu mita 3 kutoka pale ilipotakiwa kuwa.

Sasa hilo la ujinga ndo linaniuma. Ni kweli walitumia mwaloni mbichi (ule mti mgumu wa Ulaya, oak), ila zama zile ndo ilikuwa kawaida, mwaloni ukishakauka unakuwa mgumu patasi inagoma, kwa hiyo unachongwa mbichi, unapandishwa, unakaukia hukohuko juu. Ila ukijenga hivyo lazima uzifunge mbao kwa mbao nyingine za kukatiza, na mle ndani hazikuwekwa za kutosha. Kwa nini? Angalieni tarehe basi. Tauni iliingia Uingereza 1348 ikafyeka watu, pengine theluthi hadi nusu, mafundi wazoefu wakaondoka na ujuzi wao, na miaka kumi na kitu baadaye ndo mnara unapandishwa. Wengi wanahusisha hayo mawili na mimi naona wana hoja.

Juu yake kuna mabati ya risasi (yale madini mazito, lead, siyo risasi za bunduki), tani 33 hivi, mzigo ambao mbao zile hazikuandaliwa kuubeba, halafu jua linapiga zaidi upande wa kusini, risasi ya huko inatanuka kuliko ya kaskazini, mwaka baada ya mwaka, utaacha kupinda?

Wenyeji nao wana zao, eti shetani alipigiliwa kiatu vibaya na mhunzi wa Bolsover, mji wa jirani, akaupiga teke mnara kwa maumivu. Nyingine inasema mnara uligeuka kumchungulia bibi harusi aliyekuwa bikira kweli, na siku akija mwingine utanyooka (hii kali). Moto wa 1961 uliunguza kinanda cha kanisa ila mnara ukapona, na timu yao ya mpira mpaka leo inaitwa Spireites, yaani watu wa mnara.

Mkiichapa hiyo picha tena, wekeni jina la kanisa chini yake.

Msomaji wenu wa siku nyingi