Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Ugonjwa wa Figo, Nairobi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzetu na wanafunzi, hamjambo!

Kwa niaba ya wazazi na walezi wa watoto wanaougua figo hapa Nairobi, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Leo tunazungumzia nefrotiki, yaani figo kuvujisha protini. Huwapata wengi wakiwa chekechea au madarasa ya chini, na mchana kutwa mtoto huwa mikononi mwa walimu.

Mheshimiwa, ugonjwa huu huanzia machoni. Mtoto huamka kope zimevimba, na kufikia jioni uvimbe umeshuka miguuni. Wengi hudhani ni aleji. Hupewa dawa ya macho na wiki zikapita. Suruali humbana kiunoni, mzazi akafurahi kwamba mwanawe amenenepa, kumbe ni maji.

Kipimo chake ni chepesi. Chovya kijiti cha kupimia protini katika mkojo wa asubuhi, kikung'ute, ngoja sekunde 60, kisha linganisha na rangi za kwenye kopo la vijiti. Manjano ni salama. Kijani kikikolea, protini inavuja. Kopo lifunikwe papo hapo, kwani unyevu huharibu vijiti vikatoa majibu ya uongo. Andika majibu daftarini kila siku. Alama 3 za kujumlisha (+++) kwa siku 3 mfululizo ni dalili kwamba ugonjwa umerudi, hata kama uso haujavimba.

Dawa ni prednisoloni. Dozi ya kuanzia huwa miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, isiyozidi miligramu 60 kwa siku, kwa wiki 4 hadi 6, kisha daktari huipunguza polepole. Hunywewa asubuhi baada ya kula. Kosa kubwa ni kuikatiza uvimbe ukiisha: mwili huwa umepumzika kutengeneza homoni yake, na mtoto anaweza kuishiwa nguvu hadi kuzirai. Tena dawa hii huleta njaa na kujaza mashavu. Tafadhali wanafunzi, msimcheke mwenzenu.

Dawa hiyo pia hushusha kinga. Kwa hiyo mwanafunzi yeyote akitokwa na tetekuwanga, tunaomba mzazi wa mtoto mwenye nefrotiki apigiwe simu siku hiyo hiyo, asisubiri barua ya Ijumaa. Homa pamoja na maumivu ya tumbo ni safari ya hospitali mara moja, maana tumbo lenye maji huweza kuingiwa na bakteria. Asipewe ibuprofeni; huumiza figo.

Ombi letu kwa jikoni ni dogo. Githeri ya mtoto huyu ichotwe kabla ya chumvi na viungo vya pakiti, ambavyo navyo vimejaa chumvi. Chumvi hushika maji, uvimbe ukaongezeka.

Wapo ambao figo zao zimeshindwa kabisa, wanaohitaji dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine. Mtoto wa kilo 15 ana damu kama lita 1.2 tu, hivyo kichujio na mirija ya mtu mzima humwondolea damu nyingi mno kwa wakati mmoja. Mheshimiwa, tunakusihi utusemee ili vifaa vya saizi ya watoto vipatikane, na utusaidie kupata vijiti vya kupimia vya kuwekwa katika ofisi ya shule hii.

Asante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wazazi na walezi.